Kusoma Tena Kitabu cha Poka: Meza Ikisahihisha Vibaya

Mchezaji wa poka, mchezo wa karata wa kuwekeana madau, anayefungua tena kitabu alichokwisha kukisoma huchekwa kwa sababu mbili. Wachezaji wenzake humwambia vitabu vimepitwa na wakati. Mwaka 2017 Libratus, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono (yaani raundi) 120,000, na leo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kununua programu ya kumkokotolea kila uamuzi. Wanasaikolojia nao humwambia jambo zito zaidi: kurudia kusoma ni kujidanganya kwamba unajifunza.

Hilo la pili limenisumbua kwa muda mrefu, maana mimi ni wa hao wanaorudia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine liliisoma kipindi kimoja tu, na vile vitatu vilivyobaki likaandika kila linachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 wasomaji walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja wasomaji walibaki na 40, na waliojipima walikuwa na 61. Tena hao wasomaji ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka.

Kutoka 83 hadi 40 ndani ya wiki! Ukiitazama namba hiyo, unaona ni afadhali kitabu ukiuze.

Lakini angalia wale wanafunzi walifanya nini kati ya kipindi kimoja na kingine: hakuna kilichohusu makala hiyo. Walisoma, wakasoma, wakasoma. Sijawahi kumwona mcheza karata anayesoma hivyo. Anasoma, anakwenda mezani, analiwa miezi mitatu, ndipo anarudi. Na umbali huo una uzito wake. Watafiti Katherine Rawson na Walter Kintsch walionyesha mwaka 2005 kwamba kurudia papo hapo kunasaidia mtihani ukija papo hapo, ila kurudia baada ya wiki kunasaidia mtihani ukija siku za baadaye. Kiswahili kina neno kudurusu, na mtoto wa madrasa anajua kwamba si sawa na kusoma.

Mtu atasema, basi kama meza ndiyo mtihani, kitabu cha nini? Hapo ndipo ninapodhani kurudia kitabu hakujaeleweka.

Jumamosi jioni tunakaa watu sita, tunacheza Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mtu ana karata mbili za siri na tano zinafunuliwa mezani kwa wote, kwa shilingi ndogo. (Kwa mama yangu shilingi ndogo na kubwa zote ni kamari, na sina ubavu wa kubishana naye.) Siku moja nilikuwa na 8 na 9 za kopa. Mezani zilikwisha kufunuliwa karata nne, mbili zikiwa kopa, imebaki karata moja kufunuliwa; ikiwa kopa, natimiza kopa tano na kushinda. Chungu, yaani fedha zilizokwisha kuwekwa, kilikuwa na 600. Jirani yangu akaweka 600 nyingine, mbele yake zikabaki 900. Nikafuata, yaani nikaweka 600 kama yeye, bila kuwaza sana. Karata ya mwisho ikawa kopa, nikazoa. Watu wakanipigia makofi.

Sasa hesabu. Karata ambazo sizioni ni 46, na kopa zilizobaki ni 9. Nikifuata mara 46, nitashinda mara 9 na kuvuna 1,200 kila mara (600 za chungu na 600 za jirani), jumla 10,800. Nitashindwa mara 37 na kupoteza 600 kila mara, jumla 22,200. Pengo ni 11,400, yaani karibu shilingi 248 zinanitoka kila ninapofuata dau la namna hiyo. Siku ile nilipigiwa makofi kwa kutupa shilingi 248.

Meza ya poka ni mwalimu anayesahihisha akiwa amesinzia. Ukikosea, mara moja kati ya tano anakuwekea alama ya vema, na ile vema ndiyo unayoikumbuka. Dereva akikata kona vibaya gari linamwambia. Mcheza karata anaweza kukata kona vibaya mwaka mzima huku akilipwa mara kwa mara.

Cha ajabu ni kwamba hesabu hizo nilikuwa nimezisoma. Zimo katika The Theory of Poker cha David Sklansky, cha mwaka 1987. Tena nilizisoma nikatoka na kisingizio: Sklansky anaeleza kwamba unaweza kufuata dau lisilolipa leo ikiwa utalipwa zaidi karata yako ikitimia. Nililibeba hilo kama kibali cha kufuata kila kitu. Niliporudi kwenye sura hiyo baada ya miezi kadhaa niliona yale niliyoyaruka: inategemea karata yako imejificha kiasi gani, na madau yajayo yana ukubwa gani. Kopa ya tatu ikianguka mezani haijifichi, hata mtoto anaiona. Na ili nisipate hasara nilihitaji kumkamua jirani zaidi ya 1,260 nyingine kila ninapopata. Yeye alikuwa na 900.

Masharti hayo yalikuwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo. Ila mtu ambaye hajatokwa na hela huyasoma kama matangazo ya redioni. Si kwamba nilisahau nikahitaji kukumbushwa, na ndiyo sababu zile asilimia za Roediger hazinigusi sana hapa: walipima kukumbuka makala. Mimi sikuwa na cha kukumbuka, kwa kuwa mara ya kwanza sikuelewa naambiwa nini.

Kuhusu kupitwa na wakati, nakubali nusu. Super/System cha Doyle Brunson, bingwa wa dunia wa 1976 na 1977, kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na ubabe uliokuwa siri yake leo unajulikana na kila mtu mezani. Anayekirudia akitafuta karata zipi aanze nazo kuweka dau atapigwa. Uwezekano wa 9 kati ya 46 lakini haujapitwa na chochote. Hizo programu zenyewe hukupa jibu bila kukuambia kwa nini, na nimewaona vijana waliokariri majibu yake wakikwama mpinzani anapofanya jambo la kijinga ambalo hawakulikariri.

Kuna aina ya kurudia ambayo siitetei: kitandani, usingizi unakuja, kila sentensi unaitikia kwa kichwa kwa kuwa unaijua. Hao ndio wale wa 83. Kwa hiyo nimebadili kidogo. Nikifika kwenye mfano, nafunika jibu kwa karata, naandika langu, ndipo nafunua. Nilianza na sura ile ile ya Sklansky, ambayo nilikuwa nimeipigia mstari karibu yote kwa kalamu nyekundu. Katika mifano saba ya kwanza nilikosa mitatu.