Pedi za Zamani Ndani ya Boksi

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuchukua gari langu gereji, hapa San Diego ninapoishi, na dada wa mapokezi akanikabidhi vitu vitatu: ufunguo, karatasi ya malipo yenye kurasa mbili, na boksi dogo lililofungwa kwa utepe wa gundi. Ndani ya boksi zilikuwemo pedi nne za breki za mbele, zile za zamani, zimelika upande mmoja hadi chuma kimeanza kuonekana, bado zina vumbi lake jeusi. Nilikuwa nimeziomba asubuhi wakati naacha gari, na aliyekuwa akiandika oda aliweka alama ya vema kwenye karatasi bila kuniuliza nazitaka za nini. Saa nne fundi alinipigia simu kunieleza kwamba diski ya kulia nayo imekwisha na haiwezi kuchongwa tena, akanitajia bei, akanyamaza kusubiri jibu langu. Nilipokubali, aliandika tarehe, saa na namba ya simu niliyopokelea, na maandishi hayo nimeyakuta kwenye karatasi ya malipo. Nilikaa ndani ya gari na boksi mapajani, nikizigeuza pedi moja moja, nikimfikiria baba yangu.

Fundi yule hakuwa akinifanyia hisani. Sheria ya Matengenezo ya Magari ya jimbo la California, iliyopitishwa mwaka 1971 Ronald Reagan akiwa gavana, inaitaka kila gereji isajiliwe na jimbo, impe mteja makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kuanza kazi, na isimtoze zaidi ya makadirio hayo bila ridhaa yake. Karatasi ya malipo lazima iseme wazi iwapo spea iliyofungwa imeshatumika au imekarabatiwa. Spea za zamani mteja hurudishiwa akiziomba wakati oda inaandikwa, isipokuwa zile zinazopaswa kurudi kwa mtengenezaji kwa sababu ya dhamana, na hata hizo ana haki ya kuonyeshwa. Haki hizi hubandikwa ukutani mahali ambapo kila anayeingia anaziona, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko.

Ndugu zangu wa Dar es Salaam hamhitaji kuelezwa kwa nini pedi zilizochakaa zinaweza kumshika mtu namna hiyo. Baba yangu alikuwa na Hilux aliyoitegemea kwa riziki yetu sote, na kila ilipokwenda gereji alikwenda nayo, akaketi kwenye tairi kuukuu tangu asubuhi hadi jioni, macho kwenye mikono ya fundi. Stata, oltaneta, rejeta na betri vyote alivikwaruza alama kwa msumari, mistari miwili inayokatana, mahali ambapo mgeni asingeangalia. Mwaka mmoja alipata msiba Muheza, akalazimika kuliacha gari gereji kwa siku mbili. Aliporudi lilikuwa linawaka vizuri na hesabu alilipa yote. Baada ya wiki tatu chaji ikaanza kusumbua, akafungua boneti, akapitisha kidole pale penye alama yake, na alama haikuwepo. Fundi aliapa kwa jina la Mungu na la mama yake mzazi. Baba hakuwa na la kusema, kwa kuwa hakukuwa na karatasi hata moja inayoonyesha gari liliingia na nini na lilitoka na nini. Wazee walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alikuwa na alama ya msumari tu, na alama ya msumari inajulikana na aliyeichora peke yake.

Najua maneno yatakayofuata. Nitaambiwa kwamba nimekaa ughaibuni miaka tisa nimeanza kuona nyumbani kote ni uchafu, kwamba nimesahau nilikotoka, kwamba kama Marekani ni pazuri hivyo basi nibaki nayo na niwaache mafundi wa watu wafanye kazi zao. Nayajibu maneno haya kwa moyo mmoja. Fundi wa kwetu simdharau, wala sitamdharau. Nimeona kijana wa gereji ya chini ya mwarobaini akisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni na kuutaja ugonjwa ambao hapa wangeutafuta kwa kompyuta nusu siku. Nimeona nozeli ikizibuliwa, boksi la gia likifunguliwa juu ya turubai na kurudishwa bila kubaki hata bolti moja, na gari lililoandikwa kuwa limekufa likipanda milima ya Lushoto na abiria. Ujuzi huo ni fahari yangu, na ninapousimulia hapa huusimulia nikiwa nimesimama wima.

Wala sisemi kwamba watu wa huku ni waaminifu kuliko sisi. Mwaka 1992 serikali ya California iliishitaki kampuni kubwa ya Sears, ambayo wakati huo ilikuwa na gereji kila mahali, baada ya wapelelezi wa jimbo kujifanya wateja na kupeleka magari ambayo matatizo yake walikuwa wanayajua tayari. Mara 34 kati ya 38 waliuziwa kazi ambayo gari halikuihitaji, na breki zilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Mafundi na waandikaji oda walikuwa wakilipwa kwa kadiri ya walivyouza, kwa hiyo waliuza. Kampuni ilikubali kumaliza shauri kwa kuwafidia wateja. Ninayaleta haya kwa sababu yanaonyesha kitu ninachotaka kieleweke vizuri: tamaa ni ileile, mikono ya watu ni ileile, lakini pale kulikuwa na makadirio yaliyoandikwa, spea zilizotajwa kwenye hesabu, na ofisi yenye mpelelezi anayeweza kuvilinganisha na gari lenyewe. Uongo uliweza kupimwa kwa sababu uliandikwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu wa diaspora ambao kila wakirudi likizo husema dawa ni kuwapa mafundi wote vyeti na kuwafungia wasio navyo. Hata California haimtaki fundi wa kawaida wa magari awe na leseni yake binafsi. Kinachosajiliwa ni gereji, na leseni za watu binafsi zimewekwa kwa kazi chache kama upimaji wa moshi. Tena leseni ikiwekwa pasipotakiwa huwa ni dhuluma. Shemeji yangu anasuka nywele hapa mtaa wa City Heights na analea watoto watatu kwa vidole vyake. Zamani jimbo hili lilimtaka msusi kama yeye asome saa 1,600 katika chuo cha urembo, chuo ambacho kingemfundisha dawa za nywele na mambo mengine asiyoyagusa katika kazi yake, wala si mtindo wa kusuka aliofundishwa na bibi yake barazani. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho ya hapa San Diego iliamua kwamba kuwalazimisha wasusi wa nywele za Kiafrika masharti hayo ni kinyume cha Katiba, na leo wanafanya kazi bila leseni hiyo. Kwa hiyo msiniambie kwamba ninaabudu kila sheria ya huku.

Kuna kazi ambazo leseni ni ya lazima, na umeme ni mmojawapo. Nyumbani EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi umeme na hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu waya uliofungwa vibaya huua mtoto aliyelala. Makandarasi nao wana bodi yao tangu sheria ya mwaka 1997. Lakini mteja wa kawaida mbele ya fundi wa kawaida anahitaji kitu kidogo zaidi na cha bei nafuu zaidi kuliko cheti, nacho ni makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza. Sisi tunaojenga nyumbani kwa simu tunalijua hili kwa uchungu. Tunatuma kianzio cha nusu au zaidi ya nusu ya gharama yote, tunatumiwa picha ya kuta zilizofika kwenye linta, kisha picha ileile inarudi tena baada ya miezi minne ikiwa imepigwa kutoka upande mwingine. California humzuia mkandarasi wa matengenezo ya nyumba kuchukua kianzio kinachozidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kutegemea kipi ni kidogo. Nilipousoma mstari huo kwa mara ya kwanza niliufunga ukurasa kisha nikaufungua tena kuhakikisha nimesoma sawasawa.

Mtasema kwamba sheria hata kwetu zipo, na mtakuwa mmesema kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani huonekana ikiteketeza bidhaa bandia. Hata hivyo, mtu anaingia dukani na kukuta bango lililoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ananyamaza kana kwamba bango hilo limetungwa na Bunge. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia hadi tumeona gunia ndilo utaratibu. Hili linanikera kuliko feki yenyewe: mlaji wetu hana anachoweza kukishika mkononi akaenda nacho mbele ya mtu wa tatu. Mlalamikaji anafika na hadithi, fundi anafika na hadithi yake, na atakayesikiliza hana cha kuchagulia.

Wapo watakaonijibu kwamba karatasi ni anasa ya nchi tajiri. Siwezi kulikubali hilo. Serikali yetu ilipotaka kodi yake ilituimbisha sote kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Ilileta mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na leo mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba mnunuzi asiyedai risiti anafanya kosa. Ikiwa tuliweza kufundishwa kudai karatasi kwa faida ya hazina, tunaweza kufundishwa kudai karatasi kwa faida yetu wenyewe. Daftari la shule na kalamu ya mpira vinatosha: namba ya gari, tatizo, bei iliyokubaliwa, spea gani, mpya au iliyotumika, sahihi mbili, na neno moja la mwisho kwamba spea ya zamani inarudi kwa mwenye gari. Kanuni ya namna hiyo haimfungii mtu kazi, haimdai shule, na haihitaji bodi mpya yenye magari na posho.

Jumapili nilimpigia baba simu nikampigia pia picha ya zile pedi, moja baada ya nyingine. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama walinipa kwa kuwa nimefahamiana nao. Nilipomweleza kwamba ni sheria, aliniomba nimtumie karatasi ya malipo ili amwonyeshe fundi wake wa sasa, kijana mmoja mstaarabu aliyemtengenezea gari kwa miaka sita bila tatizo. Niliituma, na nikamtafsiria mstari kwa mstari kwa ujumbe wa sauti.

Jana baba alinipa majibu. Kijana aliisoma yote, akauliza maswali mawili kuhusu ile sehemu ya simu ya saa nne, halafu akasema kwamba yeye kuandika hakumshindi, hata kesho ataanza, lakini mteja naye atie sahihi pale penye bei. Alimwonyesha baba magari mawili yaliyokaa pembeni ya gereji yake tangu Machi, yametengenezwa na kufungwa spea kwa fedha zake mwenyewe, wenye magari wakidai kwamba hawakuwahi kukubaliana naye bei hiyo.