Taa wa Mwiba Hatagi Mayai

Kila mara picha za yale mayai ya kilindini kutoka visiwa vya Galápagos, huko Pasifiki, zinapozungushwa kwa Kiswahili, maelezo huwa ni yale yale: "mayai ya taa". Naudhika sana. Mvuvi yeyote wa Unguja au Lamu aliyewahi kumpasua taa jike anajua alichokikuta tumboni. Ni watoto waliokunja mapezi, mkia umeshatimia, wamelishwa majimaji yenye mafuta kutoka kwenye tumbo la uzazi la mama yao. Taa mwenye mwiba, yule ambaye mkia wake wazee walikuwa wakiukausha kuwa mjeledi, huzaa. Hatagi hata yai moja.

Anayetaga ni ukoo mwingine kabisa. Taa wa mwiba wamo katika oda (kundi kubwa la koo) ya Myliobatiformes, hawa wa mayai wamo katika Rajiformes, na kufanana kwao kwa ubapa hakuwafanyi kuwa samaki mmoja. Mimi nitawaita taa wa mayai. Mwenye jina zuri zaidi alilete, mradi tusiendelee kuwatia wote kapu moja.

Huyo wa Galápagos ni Bathyraja spinosissima, jina linalomaanisha mwenye miiba mingi mno. Wanasayansi William Beebe na John Tee-Van walimweleza kitaalamu mwaka 1941 wakamweka katika jenasi ya Psammobatis, baadaye akahamishiwa Bathyraja. Familia yake ni Arhynchobatidae, taa wa mayai wenye pua laini: gegedu inayoshika pua ni nyembamba, nayo hupinda. Binamu zao wa Rajidae wana gegedu nene na ngumu. Anaishi kati ya mita 800 hivi na karibu mita 2,900, katika Pasifiki ya mashariki.

Mwaka 2015 roboti Hercules, ikishushwa kutoka meli Nautilus, ilikuta mayai 157 kwenye kina cha takriban mita 1,660, kaskazini ya kisiwa cha Darwin, karibu na madohani ya sakafu ya bahari yanayotoa maji ya moto meusi kama moshi. Asilimia 58 ya mayai yalikuwa ndani ya mita 20 kutoka kwenye madohani hayo, na asilimia 89 yalikuwa penye maji yenye joto kupita kiwango cha kawaida cha pale, ambacho ni nyuzi 2.76 tu. Utafiti ulitoka mwaka 2018, na spishi ilithibitishwa kwa vinasaba vya mayai machache yaliyochukuliwa.

Kwa nini mama ahangaike kutafuta joto? Kwa sababu kwenye baridi ile yai halina haraka. Ndugu yake wa Bahari ya Bering, Bathyraja parmifera, huchukua miaka mitatu na nusu hivi kuanguliwa katika maji ya nyuzi 4.4. Muda wote huo mtoto yumo ndani ya kifuko kigumu chenye pembe nne, akila kiini chake. Mwanzoni kifuko kimezibwa. Akishakua, mianya iliyo kwenye pembe hufunguka, naye huupigapiga mkia wake kwenye mmoja wa mianya hiyo ili maji yaingie na kutoka. Matope yakitifuliwa na wavu wa kukokota yakaziba mianya, anakosa hewa humo humo. Konokono wa baharini nao hutoboa kitundu kidogo wakafyonza kiini chote. Ukikuta kifuko kitupu chenye tundu la duara, basi mtoto aliliwa, hakuanguliwa. Kila nyuzi ya joto inayofupisha miaka hiyo inampunguzia mtoto hatari.

Mtu ataniambia: jina tu hilo, samaki haharibikiwi kwa jina. Anaharibikiwa! Tazama Ulaya. Mwaka 1926 taa wa mayai wawili wakubwa wa Atlantiki waliunganishwa kuwa spishi moja, Dipturus batis. Kwa zaidi ya miaka 80 wakavuliwa, wakapimwa na kuandikwa kama mmoja. Mwaka 1981 ilitangazwa kuwa "samaki huyo" ametoweka katika Bahari ya Ireland. Ni mwaka 2009 na 2010 tu ndipo watafiti walipoonyesha kwamba walikuwa wawili tangu mwanzo. Jike wa mmoja hukomaa akiwa na sentimeta 123 hivi. Jike wa mwingine, Dipturus intermedius, hukomaa karibu na sentimeta 198. Fikiria umeweka kipimo cha chini cha kuvua cha sentimeta 130. Mmoja umemlinda mpaka akazaliana, mwingine umeruhusu avuliwe akiwa amebakiza zaidi ya nusu mita kabla ya kutaga yai lake la kwanza. Anayemalizika ni mkubwa, na mdogo anayebaki huijaza rekodi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Hesabu ziliandikwa kwa uaminifu, ila jina ndilo lililozipotosha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sokoni kwetu neno moja linatosha. Taa wa mayai wa kilindini hafiki kwenye ngalawa. Lakini wapo huku: Okamejei heemstrai alielezwa kitaalamu mwaka 1982, anaishi kwenye mteremko wa kina wa Afrika Mashariki, mita 200 hadi 500. Meli ya kukokota ikimpandisha, karani akiandika "taa", amefutika.

Kumtofautisha si kazi. Anza na mkia: wa taa wa mayai ni mnene, una safu ya miiba midogo isiyo na sumu, na karibu na ncha kuna mapezi mawili madogo. Nyavu hukata ncha, kwa hiyo mkia ukiwa mfupi usihukumu, geukia mapezi ya nyonga, ambayo kwake yamegawanyika sehemu mbili. Halafu bonyeza pua kwa kidole: ikipinda, fikiria Bathyraja na jamaa zake, ikikaza, Rajidae. Usifanye hivyo kwa samaki aliyegandishwa, maana barafu hukaza kila pua. Mbawa zilizokwisha kuchunwa ngozi hazisemi kitu kwa macho. Hapo kata kipande cha nyama, kiweke kwenye spiriti, uandike kina na mahali alipovuliwa kabla samaki wengine hawajamwagwa juu yake.