Nilinunua Bahari, Nikaletewa Kutu

Asubuhi nimefuta kioo cha tangi mpaka kikawaka. Narudi jioni, kimekuwa kahawia tena, kama mtu kakimwagia chai ya maziwa akaiacha ikauke. Jana nilifuta. Juzi nilifuta. Mliowahi kuanzisha tangi la maji ya chumvi sina la kuwaeleza. Nyie wa samaki wa maji baridi, chekeni polepole.

Hii ni wiki ya sita. Nne za kwanza sikuwa na samaki hata mmoja. Nilikaa kitini natazama mawe, nikisubiri bakteria nisiowaona waigeuze amonia, ile sumu ya vitu vinavyooza, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Watu wakiniuliza nafuga nini, nawajibu bakteria. Wakaacha kuuliza.

Na msiniambie nipime maji. Nimepima. Chumvi 1.025, joto nyuzi 25, sawasawa kabisa. Nitrati sifuri! Nikatembea kifua mbele siku nzima, mpaka nilipokuja kuelewa kwamba ni sifuri kwa sababu mwani unaoota humo tangini umeshaila yote kabla sijafungua kichupa cha kupimia.

Sasa leo, kioo kikiwa katika hali hiyo, nani abishe hodi? Mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anatazama tangi. Akavaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. "Mpwa wangu, hivi kioo nacho kinapata kutu?"

Nikakohoa kidogo, nikasimama wima kama mhadhiri. "Hiyo si kutu, mjomba. Ni diatomu. Vijidudu vya seli moja moja, vinajijengea magamba kama ya kioo. Matangi mengi mapya hupitia hapo. Vinatumia silika."

"Vinatumia nini?"

"Silika."

"Silika ya nani?"

"Ya... ya maji."

"Maji yana silika?"

"Ya bomba yanayo, mjomba. Hata mchanga unayo."

Akatafakari. "Basi na yako wameshaimaliza. Mtu mwenye silika zake timamu hanunui sanduku la maji machafu."

Nikajikaza kisabuni. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Na hizi nywele za kijani kwenye jiwe?"

"Mwani wa nywele. Unatokana na nitrati na fosfeti. Chakula kikibaki, kinaoza, unakula huo."

"Kwa hiyo unawalisha kupita kiasi."

"Mara tatu kwa siku. Zamani lakini."

"Samaki wawili?"

"Walikuwa wananitazama, mjomba."

Hapo akanitazama yeye sasa, na mtazamo wake sikuupenda. Akaonyesha kidole mchangani. "Na zulia jekundu?"

"Hilo wala si mwani. Ni bakteria wa aina yake, wana utelezi. Hayo mapovu juu yake ni oksijeni. Nalifyonza kwa mpira asubuhi, jioni limeshatandikwa."

"Kumbe kuna kitu kinachofanya kazi humu ndani." Akainuka, akapima kimo cha maji kwa vidole. "Maji yamepungua. Lete maji na chumvi."

"Chumvi hapana. Kinachopaa ni maji tu, chumvi yote inabaki. Naongeza maji matupu, yaliyochujwa."

"Bahari unaiongezea maji matupu?"

"Ndiyo mjomba."

"Halafu unashangaa ikikukasirikia."

Nikaona bora niende nikalete ndoo, maana heshima ilikuwa imeanza kuniponyoka. Dakika moja, haikuzidi. Narudi, mzee amekunja mkono wa shati mpaka kwapani, mkono umezama tangini, samaki wote wawili wamejibanza nyuma ya pampu.

"Kuna malengelenge huku," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeokota kitu chake.

Yalikuwa matatu, nyuma ya jiwe, ya kijani, mviringo, yanang'aa kama shanga. Nayajua, nayo ni mwani. Nimesoma kuyahusu usiku kucha. "Mjomba, usiyapasue! Hayo hung'olewa mazima! Ukiyapasua majini unasambaza mbegu—"

Pu.

Sauti sikuisikia, nilimwona bega lake likitulia. Uso, uliokuwa umekunjana tangu mlangoni, ukafunguka. Akatafuta la pili kwa ncha ya dole gumba, taratibu, kama anayekamua chunusi ya mjukuu. Pu. La tatu akalibakisha kidogo, akalizungushazungusha, akanitazama. Pu.

Nikakaa chini. Niseme nini? Siwezi kumfokea mjomba wangu.

Ila acheni niseme hapa. Nimechoka! Nimepunguza muda wa taa kutoka saa kumi kwa siku hadi saba. Nimebadilisha maji asilimia kumi kila wiki, na ndoo zimenivunja mgongo. Nalisha kidogo mpaka samaki wananiona mchawi. Kila ninayemuuliza ana jibu lake, na jibu la mwisho la wote ni "subiri". Nisubiri nini? Mwani hausubiri! Kila nilichokilipia kinadhoofika, na nisichokilipia kinanawiri!

Konokono nao. Nilinunua wanne waje kula mwani. Wa kwanza alinyofolewa ndani ya kombe lake na kaa, wale kaa wanaovaa makombe ya wenzao, na kaa akahamia siku hiyo hiyo bila haya. Mkubwa wao kila usiku anapanda kioo, anadondoka, anaanguka chali mchangani na hawezi kujigeuza. Saa nane za usiku mimi nipo na tochi, mkono majini, namgeuza mfanyakazi wangu.

Mjomba akaomba taulo. Nikampa. Lilikuwa limekauka na chumvi, limekakamaa, linasimama lenyewe. Akaligonga kwa kidole likalia. Na hili la taulo ni kesi nyingine nyumbani kwetu. Zilikuwa sita. Moja ipo chini ya tangi, moja juu ya ndoo, mbili sijui, na mke wangu ameanza kuficha lake mahali ambapo nimeshapajua lakini najifanya sijapajua, kwa sababu ndilo pekee linalofyonza maji vizuri. Yale mapya hayafyonzi kitu, yanasukuma maji tu kutoka upande huu kwenda ule. Taulo mpya zinatengenezwa kwa nini hasa? Ukijipangusa nalo unatoka umeloa na umejaa manyoya.

Mjomba alipofika mlangoni akageuka.

"Yale malengelenge," akasema, "yataota tena?"

"Kwa ulivyoyapasua, mjomba, mengi."

Akaitikia kwa kichwa. Amesema Jumapili atapita.