Kilima Kilichozidi Jaruba kwa Maji

Mtafiti aliyeniajiri alikuwa akilinganisha udongo halisi na vipimo vya SMAP, setilaiti ya NASA iliyorushwa mwaka 2015 kupima unyevu wa ardhi. Hunasa mawimbi yanayotoka ardhini, na udongo mbichi hutoa mawimbi hafifu kuliko mkavu. Ila mwisho wake ni sentimita 5 za juu, na kila kipimo hujumlisha eneo la kilomita 36 hivi kila upande. Majaruba ya mpunga ya Chimala, bondeni, na vilima vya Matamba, juu yake, vinapikwa chungu kimoja! Ndiyo maana nikapanda na koleo barabara ya kona 57, nikichota huku na huku. Mvua zilikuwa zimechelewa: chini maji ya mfereji, juu vumbi tupu.

Sampuli hupimwa uzito, hukaushwa kwa nyuzi 105 kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Kilichopungua ndiyo maji. Oveni ilikuwa ya mama mwenye nyumba wangu pale Mbeya mjini, mwoka keki, aliyekubali kwa masharti kwamba udongo usiguse trei za harusi. Zilizokauka nikazipanga kwenye vibakuli jikoni zipoe usiku, mzani nikauacha hadi asubuhi.

Hesabu zikaja za ajabu. Jaruba lilikuwa na unyevu wa kawaida ya jaruba. Kilima cha vumbi: gramu 100 zilibaki 40, yaani maji asilimia 150 ya udongo mkavu. Kilima chepesi kuliko supu! Bosi akafurahi kupita kiasi. Akaanza kuzungumzia chemchemi iliyojificha ambayo setilaiti imeikosa, akaniagiza nirudi na koleo refu.

Usiku huo nikaingia jikoni kutafuta kiberiti. Mkwe wa mama mwenye nyumba, tumbo likiwa kubwa, amekaa kwenye kigoda na kibakuli changu mapajani, midomo myekundu kama kapaka rangi.

"Shikamoo kaka," akasema, kinywa kimejaa.

"Marahaba. Hicho ni cha utafiti!"

"Nilidhani mama kanikaushia pemba, udongo wa kula. Huu wa majarubani umenishinda, unanuka matope." Akakisukuma kibakuli kimoja pembeni, akachagua kingine. "Ila huu wa juu! Kaka, ukirudi huko, niletee kiroba."

Mama mkwe wake akachungulia mlangoni. "Na mimi kidogo," akasema.