Bodi ya alumini au ya chuma: hesabu ya kiwandani na hesabu ya gereji

Ford ilipoleta pikapu yake ya F-150 ya mwaka 2015 ikiwa na bodi ya alumini, na uzito wa gari ukapungua kwa hadi kilo 318 hivi, wengi walitabiri kwamba bati la chuma limefika mwisho wake. Hata hivyo, fremu ya gari hilohilo ilibaki ya chuma, tena chuma imara zaidi kilichochangia sehemu ya upungufu huo.

Wanaoitetea alumini huanza na ukweli kwamba sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8, ilhali ya alumini ina gramu 2.7. Lakini ukinzani wa alumini dhidi ya kupinda ni theluthi moja tu ya ule wa chuma, hivyo mlango ambao ungetosheka na bati la chuma la milimita 0.7 huhitaji alumini ya milimita 1 hivi. Kinachookolewa ni karibu nusu ya uzito, si theluthi mbili. Bado ni faida kubwa.

Gereji ndiko faida hiyo inakoliwa. Chuma kikipashwa moto huwa chekundu, na fundi wa bodi hujua wapi pa kuishia. Alumini haibadiliki rangi, na ikifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi hutoboka ghafla. Jiwe la grenda lililosaga chuma likitumiwa juu yake huacha chembe zinazoanzisha kutu chini ya rangi. Panapokutana na boliti za chuma, hasa kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga, alumini huliwa na kuacha unga mweupe, jambo ambalo wenye Land Rover za zamani wanalifahamu vizuri. (Gari hilo lilipewa alumini mwaka 1948 kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wala si kwa ajili ya kubana mafuta.)

Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi, ila zikipasuka hazinyoosheki kwa nyundo, na bei yake inaziweka nje ya mjadala kwa magari ya kawaida.

Kwa maoni yangu, alumini inastahili boneti, milango na buti, yaani vipande vinavyofungwa kwa boliti na kubadilishwa vizima, huku nguzo zinazoshikilia paa na sakafu zikibaki za chuma. Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba chuma cha kisasa chenye nguvu nyingi nacho hupoteza nguvu hizo kikipashwa moto kupita kiasi, hivyo fundi anayenyoosha nguzo kwa gesi anaidhoofisha bila dalili yoyote kuonekana.