Siku Niliyowapa Wageni Dubu

Mwaka wa tukio hili sitautaja, kwa sababu video ya mchezo huo bado ipo, na mtu mwenye subira ya kutosha anaweza kumwona humo mwanamume mmoja mwenye miwani iliyojaa ukungu, amesimama peke yake katikati ya watu elfu kumi waliokaa, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama anayesimamisha daladala. Mwanamume huyo ni mimi. Mzee wa kofia aliyeketi kando yake, anayetazama upande mwingine kana kwamba hawajuani, ni baba mkwe wangu.

Ninaishi Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, na mwendo wa kilomita zipatazo 50 kutoka kwangu uko mji mdogo wa Hershey, ambao tajiri Milton Hershey aliujenga kukizunguka kiwanda chake cha chokoleti, na ambao hata taa za barabara yake kuu zina umbo la chokoleti. Huko ndiko nyumbani kwa Hershey Bears, yaani Dubu wa Hershey, timu ya hoki ya barafuni iliyomo katika ligi ya AHL tangu 1938. Ligi hiyo iko ngazi moja chini ya ligi kubwa ya NHL, na timu zake ni mfano wa vitalu vya miche, kwamba mche ukishastawi, mwenye shamba huja kuung'oa akaupande kwake. Mwenye shamba wetu sisi ni Washington Capitals. Unaweza kumpenda mchezaji tangu Oktoba, ukajifunza kulitamka jina lake la Kirusi mpaka ulimi ukauma, ukaagiza jezi yenye jina hilo mgongoni, na siku jezi inapofika mlangoni ukasikia kwamba mwenyewe ameitwa Washington jana usiku na nafasi yake amepewa kijana mwenye jina gumu zaidi. Ninazo jezi tatu za namna hiyo, na mke wangu huziita mahari nilizotoa kwa wachumba waliokimbia.

Wakati huo nilikuwa nimeifuata timu hiyo kwa miaka sita, na katika miaka sita mtu hupata maradhi ya kujiona mwalimu. Kwa hiyo baba mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga, nami nikaona jinsi anavyokaa dirishani akiitazama theluji kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa, niliamua kumpeleka Hershey na kumfundisha hoki. Mzee huyu alikuwa fundi cherehani Ngamiani kwa miaka mingi, na kwa upande wa mpira ni Coastal Union damu. Mtu anayeifahamu Coastal Union atanielewa nikisema kwamba Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na kwamba baba mkwe huutaja mwaka huo kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kumtaja marehemu.

Nilichagua siku ambayo hakuna shabiki wa Hershey anayekubali kuikosa. Kila msimu kuna mchezo mmoja ambao watazamaji huja na midoli, hasa ya dubu, na timu ya nyumbani inapofunga bao lake la kwanza, kila mtu huirusha barafuni, kisha midoli hiyo hukusanywa na kupelekwa kwa watoto kupitia mashirika ya hisani. Desturi hii ilianzia Kamloops, Kanada, mwaka 1993, lakini Hershey wameifanya kuwa wazimu kamili. Januari 2025 ilirushwa midoli 102,343 katika uwanja wenye viti kama 10,500, na mwenye kutaka kupiga hesabu ya kila kiti kimerusha mingapi ataona kwamba hapo hakuna aliyekwenda kucheza.

Dubu wetu nilimnunua kwenye duka la mitumba kwa dola sita. Alikuwa wa kijivu, akisimama ananifika kifuani, na sikio lake la kushoto lilikuwa limening'inia kwa uzi mmoja. Baba mkwe alipomwona alisema kwamba mtoto hapewi zawadi yenye jeraha, akaomba sindano, na kwa jioni mbili alikaa chini ya taa ya jikoni, miwani kwenye ncha ya pua, akalishona lile sikio kwa mshono wa mkono ambao hata ukiupitishia kidole huuhisi. Alipomaliza alilivuta mara tatu kwa nguvu, akaridhika, akamkalisha dubu kitini. Siku ya mchezo tulimfunga mkanda kwenye kiti cha nyuma pamoja na binti yangu wa miaka saba, ambaye alibeba pia dubu mdogo wa kahawia kwa ajili ya babu yake.

Njiani nilifundisha. Nilieleza kwamba paki ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu kama 170, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidundedunde. Nilieleza kuotea, ambako hapa huhesabiwa kwa mstari wa buluu. Nilieleza adhabu ya dakika mbili, ambapo mkosaji hufungiwa kwenye kizimba cha vioo huku timu yake ikicheza pungufu, na hili lilimfurahisha mno baba mkwe, akasema kwamba kizimba cha namna hiyo kingewekwa Mkwakwani, baadhi ya mabeki aliowaona maishani mwake wangezeekea humo. Tulipokaribia nilimwonyesha uwanja wa zamani, ambamo Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja wa mpira wa kikapu tarehe 2 Machi 1962. Mzee aliutazama hadi ukapotea nyuma yetu.

"Pointi mia, yeye peke yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na wenzake walikwenda kufanya nini?"

Jambo moja tu sikulieleza, kwa kuwa nililiona ni la wazi mno: kwamba mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na kila kipindi kikiisha timu hubadilishana magoli.

Tuliketi safu ya sita kutoka kwenye kioo. Baba mkwe aliinua macho darini, kwenye zile bendera za Kombe la Calder ambalo Dubu wamelitwaa mara nyingi kuliko timu yoyote ya ligi hiyo, akaanza kuzisoma moja moja kama anayesoma majina msikitini. Alipofika kwenye moja alinishika goti. Bendera hiyo ilikuwa ya 1988. Sikuwa nimewahi kuitilia maanani. Mwaka ule ule ambao Wagosi walikuwa mabingwa, Dubu nao walikuwa mabingwa, tena bila kupoteza hata mchezo mmoja katika hatua ya mtoano. Kuanzia hapo mzee hakuwa tena mgeni. Alirekebisha kofia, akampakata yule dubu mdogo, akauliza mbona kipa wetu anatoka sana golini.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Watu elfu kumi wenye midoli mapajani waliguna kwa pamoja, na mimi nikaenda kununua viazi vya kukaanga na chokoleti ya moto. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba niliporudi kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza, na kwa kuwa katika hoki mtu haruhusiwi kushuka kwenda kitini mpaka mchezo usimame, nilizuiwa mlangoni nyuma ya bwana mmoja mwenye mabega ya kabati. Hatimaye nikashuka. Nilimkabidhi mzee viazi, nikampakata dubu mkubwa ambaye kichwa chake kiliziba nusu ya uwanja, nikanywa funda la chokoleti, na mvuke wake ukaijaza miwani yangu ukungu. Hali yangu basi ilikuwa hii: jicho la kushoto limezibwa na sikio la dubu, jicho la kulia limezibwa na chokoleti, na akili imejaa maarifa ya miaka sita.

Ndipo taa nyekundu ikawaka nyuma ya goli la mkono wa kulia, lile lile ambalo tulikuwa tukilishambulia kipindi kizima cha kwanza.

Lazima niwe mkweli kuhusu honi. Taa nyekundu huwaka kwa bao la timu yoyote, lakini honi ile ya uwanjani, inayotikisa hata meno, hulia kwa bao la wenyeji peke yake. Siku hiyo honi haikulia. Ukimya ule niliusikia. Nilifikiri ni furaha iliyowazidi watu kimo, au kwamba mimi, kwa wepesi wangu wa kuona, nimewatangulia. Niliruka, nikamshika dubu miguu yote miwili, nikazunguka mzunguko mmoja mzima kama nilivyokuwa nimejizoeza kwenye maegesho ya magari nyumbani, nikapiga ukelele ambao nilitumaini ungemkumbusha mzee Mkwakwani, nikamwachia.

Ulikuwa mrusho mzuri, wala sioni haya kuusifu. Alipaa juu ya safu tano za vichwa, akavuka ukingo wa kioo kwa nafasi tele, akatua kifudifudi na kuteleza kwa tumbo huku akizunguka taratibu kama kifuniko cha sufuria, mpaka akagota kwenye miguu ya wachezaji watano wa timu ya wageni waliokuwa wamekumbatiana wakisherehekea.

Hakuna dubu mwingine aliyeanguka. Nilisubiri mvua ya midoli, na mvua haikuja. Niliifuta miwani kwa ncha ya skafu, nikajiona kwenye skrini kubwa iliyoning'inia katikati ya uwanja, mkono bado umenyooka. Kisha kicheko kilianza upande wa mbali na kutujia safu kwa safu, mpaka kikatufikia na kutupita. Mzungu mmoja mzee wa safu ya nyuma, ambaye kwa miaka sita hatukuwahi kuvuka salamu, aliniwekea mkono begani kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi.

Baba mkwe hakucheka. Alitafuna kiazi mpaka kikaisha.

"Mkwe," akasema, "kipa aliyefungwa si ndiye wetu?"

"Ndiye, baba."

"Maana niliona wamebadilishana magoli, kama mpira. Nikadhani nawe umeona."

"Sikuona, baba."

"Basi bao ni lao."

"Ni lao, baba."

"Na dubu?"

Jibu la swali hilo lilitolewa barafuni. Mfungaji wa bao aliinama, akamwokota dubu wetu, akaligonga barafu kwa gongo lake mara mbili akitazama upande wangu, ishara ambayo katika mchezo huu ni ya heshima, akamkumbatia na kuteleza naye hadi benchini kwao. Wakamweka kati ya wachezaji wawili. Baadaye kidogo kuna aliyemtundika taulo shingoni. Skrini kubwa, ambayo haikuwa na huruma hata chembe, ikamwonyesha kwa karibu, uso wake ukiwa na upana wa basi, na hapo ndipo baba mkwe alipoinua kidole na kusema kwa sauti ya fundi, "Sikio limeshika."

Binti yangu alikuwa amejifunika koti kichwani. Kutoka humo ndani alitangaza, kwa Kiswahili fasaha ambacho kila siku ninamsihi akizungumze, kwamba yeye na mimi hatukuja pamoja.

Bao letu lilipatikana katika kipindi cha tatu. Honi ililia, na anga likawa manyoya: dubu, sungura, pweza, nyoka mmoja wa kijani mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, wakimiminika kutoka kila jukwaa mpaka barafu ikafunikwa, na wachezaji wetu wakajitupa katikati yao kama watoto kwenye rundo la pamba. Nilisimama mikono mitupu. Baba mkwe alibaki ameketi, dubu mdogo mapajani, midoli ikimpita masikioni.

"Rusha, baba! Ni letu hili!"

"Namsubiri refa."

Alimsubiri kweli. Alimtazama refa hadi alipolikubali bao, akaitazama skrini hadi namba ilipobadilika, kisha akamgeukia yule Mzungu wa nyuma, akamwuliza kwa kidole, na Mzungu akamjibu kwa kichwa. Ndipo aliposimama, akaiweka sawa kofia yake, akamrusha dubu kwa mkono wa chini, kama anayemrudishia mwenzake chenji.

Wakati wa kukusanya, wageni walimtoa dubu wetu benchini. Walimleta wawili, mmoja kila mkono, wakamkalisha juu kabisa ya rundo lililokuwa likisubiri kuondolewa, na uwanja mzima ukampigia makofi. Matokeo ya mwisho nitayasema kwa ufupi: tulifungwa kwa tofauti ya bao moja, na bao hilo kila mtu wa safu yetu alijua ni la nani.

Baba mkwe alirudi Tanga mwezi Machi akiwa na mojawapo ya zile jezi zangu tatu, ambayo alilifumua jina la mgongoni kwa wembe na kushona mahali pake 1988. Huivaa Mkwakwani. Kila Coastal Union wanapofungwa nyumbani, hata kama huku kwetu ni alfajiri nami nimelala, simu yangu hutikisika kwa ujumbe wa sauti, nao huwa na kelele za uwanja, kikohozi kidogo, na maneno yale yale:

"Mkwe, taa imewaka. Nirushe?"