Cloutier na shoka lake

Mtu mwenye asili ya Wakanada-Wafaransa akianza kusaka nasaba yake, hachelewi kumfikia Zacharie Cloutier, Mfaransa aliyehamia Quebec, Kanada, katika karne ya 17. Si ajabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, waliopekua rejista za parokia za Quebec, walihesabu kwamba kufikia mwaka 1800 seremala huyo alikuwa na wazao 10,850, wengi kuliko mlowezi mwingine yeyote. Anayejivunia kuwa mzao wake ajue kwamba jirani yake naye huenda ni mzao vilevile.

Kinachonikera ni kwamba wengi wakishampata, humwandikia tarehe tatu, za kuzaliwa, kuoa na kufa, kisha hao wanahamia kwa babu mwingine. Rejista zenyewe zimewadekeza. Tangu 1679 ziliandikwa nakala mbili, moja ya parokia na moja ya mahakama, na wanawake waliandikwa kwa majina ya koo walikozaliwa, hivyo hata upande wa bibi mzaa mama unafuatilika. Ila rejista ina mipaka yake. Mwaka 1640 kanisa la mjini Quebec liliungua pamoja na vitabu vyake, ikabidi kumbukumbu ziandikwe upya kwa kuwauliza watu.

Mimi nasema nenda kwenye mikataba ya manotari, yaani maofisa walioandika na kuthibitisha makubaliano ya watu. Huko ndiko Cloutier anakopata sura. Machi 1634, mjini Mortagne, mkoa wa Perche, Ufaransa, yeye na mwashi Jean Guyon waliingia mkataba na Robert Giffard, bwana aliyepewa eneo la Beauport, karibu na mji wa Quebec: wamfanyie kazi miaka mitatu, nao wapate ardhi. (Ardhi hiyo ilikuwa imegawiwa na kampuni ya Wafaransa kana kwamba haikuwa na wenyewe.) Cloutier hakujua kuandika. Sahihi yake ilikuwa mchoro wa shoka.

Wakishafika, mafundi hawa wakawa wabishi. Giffard alitaka wamtambue rasmi kuwa bwana wao, kwa kupiga magoti mlangoni pake kama desturi ilivyodai. Wakagoma. Kesi ikafika kwa gavana, na Guyon akapiga magoti mwaka 1646, miaka 12 baada ya ule mkataba. Hilo hulipati kwenye cheti cha ubatizo.

Na kuna la Anne, binti wa Cloutier na mkewe Xainte Dupont. Mkataba wake wa ndoa na Robert Drouin uliandikwa Julai 1636, naye akiwa na miaka 10. Ndoa ikafungwa mwaka uliofuata. Wapo wanaoutaja mkataba huo kwa fahari kwa kuwa ni miongoni mwa mikataba ya kwanza kabisa ya koloni lile. Fahari hiyo mimi siioni. Naona mtoto, na nchi yenye wanawake wa Kifaransa wa kuhesabika, ambamo wazazi waliharakisha.

Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Quebec imeweka karatasi nyingi za manotari mtandaoni bila malipo. Mwandiko wa karne ya 17 unatesa macho, kwa hiyo anza na orodha ya mali iliyoandikwa mtu alipofariki: masufuria, ng'ombe, madeni. Anayedai anatajwa kwa jina, na usishangae akiwa shemeji.